Dripu ya Muheza na Mashine Inayosoma Tafiti

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo cha tiba hapa Dar es Salaam. Wengi wakisikia mkutubi hudhani kazi yangu ni kugonga mihuri na kupanga vitabu. Kazi yangu hasa ni kuwatafutia madaktari, wauguzi na wanafunzi tafiti zilizokwisha kufanywa duniani kuhusu jambo wanalotaka kulijua: dawa hii inapunguza vifo au haipunguzi, chandarua hiki kinakinga kuliko kile, mama mwenye kifafa cha mimba apewe nini kwanza. Zamani walinijia na swali. Siku hizi wengi wanakuja na jibu tayari, wamelipata kwenye simu kutoka kwa akili mnemba, na wanachotaka kwangu ni baraka tu.

Ndiyo sababu naandika. Akili mnemba, ambayo jirani zetu wa Kenya huiita pia akili unde, imeingia katika kazi ya kukusanya na kupima ushahidi wa tiba. Mimi mwenyewe naitumia na inanisaidia. Lakini ipo sehemu ya kazi hii ambayo nikiona inaachiwa mashine peke yake, nakosa amani. Nataka kueleza kwa nini, na nataka anielewe hata mtu ambaye hajawahi kuingia maktaba ya chuo cha tiba, kwa kuwa karatasi zote hizi mwisho wake ni kwake yeye au kwa mwanawe aliyelala kitandani, akisubiri daktari aamue.

Utafiti mmoja, hata ukifanywa kwa uangalifu, unaweza kupotosha. Pengine wagonjwa walikuwa wachache mno, pengine walitokea kuwa na afya nzuri kuliko wengine. Ndiyo maana inabidi tafiti zote za jambo moja zitafutwe, zikusanywe na kupimwa pamoja. Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi unatoka New Zealand. Mwaka 1972 madaktari wawili, Graham Liggins na Ross Howie, walichapisha matokeo ya kuwachoma sindano ya steroidi kina mama waliokaribia kujifungua kabla ya wakati. Liggins alikwisha kuona kwa kondoo kwamba dawa hiyo hukomaza mapafu ya kijusi. Kwa binadamu nako watoto njiti walinusurika zaidi. Majaribio mengine yakafuata katika nchi mbalimbali, lakini mengi yalikuwa madogo, na ukiyasoma moja moja hupati jibu la uhakika. Madaktari wengi wakaendelea kusita kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari wa Ireland, Patricia Crowley, akayaweka pamoja na wenzake, na jibu likawa wazi: sindano hiyo ya bei ndogo inapunguza vifo vya njiti kwa asilimia 30 hadi 50.

Watoto waliokufa katikati ya miaka hiyo hawakufa kwa kukosekana utafiti. Utafiti ulikuwepo, umetawanyika kwenye majarida, na hakuna aliyekuwa ameukusanya.

Daktari mmoja wa Uskoti, Archie Cochrane, alikuwa amewalaumu wenzake mwaka 1979 kwa jambo hilohilo: taaluma nzima haijajipangia muhtasari wa majaribio yote yanayohusika, unaopitiwa na kuongezewa mapya kila baada ya muda. Alifariki mwaka 1988. Miaka mitano baadaye, Iain Chalmers na wenzake wakaanzisha shirika wakalipa jina lake, Cochrane. Nembo yake ina mistari ya yale majaribio ya sindano ya njiti. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, na kila mwanafunzi anayeuliza kile kichoro ni cha nini, namsimulia habari hii.

Mfano mwingine unauma zaidi. Kwa miaka mingi wazazi wa Ulaya na Marekani walishauriwa kuwalaza watoto wachanga kifudifudi. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walirudi nyuma wakapitia tafiti zote za suala hilo, wakakuta kwamba ushahidi wa hatari ya ulalaji huo ulikuwepo tangu mwaka 1970. Laiti ungekusanywa wakati ule, walikadiria, vifo vya watoto wachanga vipatavyo 10,000 vingezuilika Uingereza peke yake.

Kazi ya kukusanya namna hii tunaiita mapitio ya kimfumo, na ni kazi nzito. Kwanza swali linanyooshwa mpaka lisiwe na utata: wagonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, tukitazama matokeo gani. Kisha ninaingia mimi. Natunga maneno ya kutafutia, pamoja na visawe vyake vyote. Kama ni malaria siandiki neno hilo tu. Naweka na la Kifaransa, "paludisme", maana nikiliacha nitazikosa kazi za Kongo na Burundi. Hazina moja tu ya makala za tiba, PubMed, ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35. Utafutaji wa kawaida unaweza kukuletea vichwa vya makala 5,000, na kati ya hivyo vinavyofaa ni 30 au 40. Kuvipitia ni kama kutoa chuya kwenye magunia ya mchele, na lazima wafanye watu wawili, kila mmoja kivyake, ili mmoja akipitiwa mwingine aone. Baada ya hapo makala zilizobaki zinasomwa nzima, takwimu zinanukuliwa, kila utafiti unapimwa kama ulifanywa kwa haki, ndipo hesabu za pamoja zinapigwa.

Mwaka 2017 watafiti walipima mapitio ya namna hii huchukua muda gani tangu kusajiliwa mpaka kuchapishwa. Wastani ulikuwa wiki 67. Wakati huohuo tafiti hazisubiri. Tayari mwaka 2010 Chalmers na wenzake walikadiria kwamba kila siku duniani yanachapishwa majaribio ya tiba 75 na mapitio ya kimfumo 11. Hakuna daktari awezaye kusoma hivyo, hata akiacha kula na kutibu.

Kwa hiyo mashine ilipokuja kusaidia, niliipokea kwa mikono miwili, na sioni haya kusema hivyo.

Mashine za mwanzo zilikuwa na kazi ndogo na zinaeleweka. Cochrane waliwakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wakawapa mamia ya maelfu ya vichwa na ikisiri za makala waseme: hili ni jaribio la nasibu au silo? Jaribio la nasibu ni lile ambalo mgonjwa kupata tiba hii au ile kunaamuliwa kwa kura, bila daktari kuchagua. Maamuzi ya watu hao juu ya makala zaidi ya 280,000 yakatumika kuifundisha mashine, na sasa inaweza kutenga makala ambazo dhahiri si majaribio, mtu asipoteze muda nazo. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kimetoa programu ya bure iitwayo ASReview. Unaionyesha makala chache zinazofaa na chache zisizofaa, nayo inazipanga zilizobaki, zinazoelekea kufaa zikae juu. Kila ukiamua, inajifunza na kupanga upya. Rayyan, iliyobuniwa Qatar, inafanya kazi inayokaribiana na hiyo, na ndiyo wanafunzi wangu wengi waliyoanzia. Ipo RobotReviewer, inayosoma ripoti ya jaribio na kupendekeza ni wapi lina dosari, huku ikikuonyesha sentensi iliyoifanya iseme hivyo. Hilo la kuonyesha sentensi nalithamini sana. Mwaka 2020 timu ya Chuo Kikuu cha Bond, Australia, ilieleza jinsi ilivyokamilisha mapitio mazima kwa wiki 2 kwa kutumia zana za aina hii, ikiwa na watu wazoefu waliotengewa muda wa kazi hiyo.

Katika hizo zote, mtu ndiye anayeamua wapi pa kusimama. ASReview haikuambii "zilizobaki zote ni takataka". Wewe ndiye unayetazama makala zisizofaa zinazofuatana, unaamua kwamba inatosha, na unaandika sababu yako ili mwingine aweze kukupinga.

Kisha ikaja mashine inayozungumza, na hapo mambo yakabadilika.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, kijana mwenye bidii, alikuja na orodha ya makala alizotaka nimsaidie kuzifungua.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Zimekushinda?"

"Naona zimefungwa kwa malipo, Mama. Kila nikitafuta hazitokei."

Tukaanza na ya kwanza. Jarida ni la kweli. Mwandishi wa kwanza ni profesa wa kweli, na hilo ndilo eneo lake la utafiti. Kichwa cha makala kinavutia. Tukafungua toleo lile, ukurasa ule, tukakuta makala ya jambo jingine kabisa. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwepo, ila mwaka umekosewa. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mtu aulize: "Sasa Mama, hizi imezitoa wapi?"

Haikuzitoa popote. Mashine hizi zinaitwa modeli za lugha. Zimelishwa maandishi mengi mno na kujifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiomba marejeo, inakuandikia kitu chenye sura ya rejeo, kama inavyoweza kukuandikia barua yenye sura ya barua. Mwaka 2023 watafiti wawili walizipima: katika marejeo yaliyotolewa na ChatGPT ya toleo la 3.5, asilimia 55 yalikuwa ya kubuni, na katika toleo la 4 asilimia 18. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Meta ilikuwa imetoa mashine iitwayo Galactica, iliyofundishwa kwa makala za kisayansi hasa, kisha ikaiondoa hadharani baada ya siku 3 tu, wanasayansi walipoonyesha inavyotunga mambo kwa lugha ya kitaalamu.

Zana mpya zimejirekebisha kwa kiasi. Nyingine sasa hutafuta kwanza kwenye hazina ya makala, zikapata makala halisi, ndipo zikafupisha. Rejeo linakuwa la kweli. Lakini rejeo kuwa la kweli hakuthibitishi kwamba makala inasema kile kilichodaiwa, na makala kusema jambo hakuthibitishi kwamba jambo lenyewe lilitokea.

Kumbukeni ivermectin. Sisi tunaijua kama dawa ya usubi na matende, na ni dawa njema kwa kazi hiyo. Wakati wa korona ilivuma dunia nzima kwamba inaokoa wagonjwa. Miongoni mwa tafiti zilizobeba uvumi huo ni mmoja kutoka Misri, uliowekwa mtandaoni mwishoni mwa mwaka 2020 kabla haujapitiwa na wataalamu wengine, ukionyesha vifo vimepungua kupita kiasi. Uliingizwa katika chambuzi za pamoja, na kwa kuwa ulikuwa mkubwa, ukazivuta zote upande wake. Aliyeukamata ni mwanafunzi wa uzamili jijini London, Jack Lawrence. Aliona sehemu za utangulizi zimenakiliwa kutoka maandishi ya watu wengine, akaingiwa na shaka, akatafuta data yenyewe. Humo kulikuwa na wagonjwa waliojirudia na wengine walioandikwa kufariki kabla utafiti haujaanza. Julai 2021 ukaondolewa. Chambuzi zilipopigwa upya bila huo na bila tafiti nyingine dhaifu, ile faida ya kuokoa maisha haikuonekana tena.

Mashine inayosoma ikisiri na kufupisha ingesema nini juu ya utafiti ule? Ingesema kwamba ni jaribio la nasibu, lenye wagonjwa mamia kadhaa na matokeo makubwa. Yote hayo ndivyo yalivyoandikwa. Kijana yule alipata ukweli kwa sababu alitia shaka, kisha akafuata shaka yake mpaka kwenye jedwali la wagonjwa.

Sasa nifike kwenye habari iliyo karibu na moyo wangu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, mji wa machungwa, na Hospitali Teule ya Muheza ndiko mama yangu alikonipeleka nikiugua.

Mtoto mwenye homa kali akifikishwa hospitali akiwa amelegea, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo ya mbio, damu haizunguki vizuri. Vitabu vya nchi tajiri vilisema: mtundikie dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi, damu ipate nguvu ya kuzunguka. Ushauri huo ulionekana wa akili ya kawaida kabisa. Ulirudiwa kitabu kwa kitabu, mwongozo kwa mwongozo. Ushahidi wake kwa watoto ulikuwa mwembamba, na haukutoka kwenye hospitali kama zetu zisizokuwa na chumba cha wagonjwa mahututi.

Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi, ilianza jaribio lililoitwa FEAST. Hospitali zilikuwa 6: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Muheza. Watoto waligawanywa kwa nasibu: wengine dripu ya haraka ya maji ya chumvi, wengine ya albumini, wengine bila dripu ya haraka, ila matibabu mengine yote wakapata, dawa ya malaria, antibayotiki, oksijeni na damu kwa waliohitaji. Wengi walitarajia kwamba dripu itaokoa. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia data ikaamuru jaribio lisimame. Katika watoto 3,141, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa kama asilimia 10.5 kwa waliopewa dripu ya haraka, na asilimia 7.3 kwa ambao hawakupewa. Katika kila watoto 100, dripu ya haraka ilihusishwa na vifo 3 zaidi.

Ningeomba msomaji atulie na takwimu hiyo. Waliokuwa wakitundika dripu hizo kila mahali, kabla ya jaribio hili, walikuwa madaktari na wauguzi wema, wakifuata vitabu.

Chukulia sasa kwamba mashine zetu za leo zingekuwepo mwaka 2008, zikalishwa maandishi yote ya tiba ya watoto, zikaulizwa: mtoto huyu apewe nini? Zingejibu bila kusita, kwa lugha nzuri na marejeo mengi ya kweli: dripu ya haraka. Maana ndivyo vitabu vyote vilivyosema, na modeli ya lugha inavutwa na kile kinachorudiwa sana. Mapitio ya kimfumo yaliyofanywa na watu waangalifu yangesema jambo tofauti: mapendekezo ni mengi, majaribio ni machache, uhakika ni mdogo, bado hatujui. Kauli hiyo ya "bado hatujui" ndiyo inayomtuma mtafiti kwenda Muheza na Mbale. Mashine inayojaza kila pengo kwa sentensi laini inatunyima sababu ya kwenda.

Hata pale tafiti zikiwa nyingi, jibu fupi linaweza kukata kilicho muhimu. Nirudi kwenye sindano ya steroidi ya mama wa njiti, ile ya nembo iliyo ukutani kwangu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa katika nchi 6, Kenya ikiwemo, ambako sindano hiyo ilipelekwa mpaka vituo vya chini na kwa wahudumu wa jamii. Vifo vya watoto wachanga havikupungua. Kwa ujumla viliongezeka. Miaka 5 baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio jingine katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, umri wa mimba ukipimwa kwa altrasaundi na watoto wakipata huduma ya njiti. Humo vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa, na 23.5 kwa ambao hawakuipata. Dawa ni moja, ila mazingira tofauti. Ukiiuliza mashine "je, steroidi huokoa njiti?" nayo ikakujibu "ndiyo" na kukoma hapo, haijakudanganya, lakini mkunga wa zahanati isiyo na altrasaundi amebaki bila sharti lililokuwa roho ya jibu.

Liko tatizo jingine, na hili ni letu wenyewe. Mashine husoma kilichoko mtandaoni. East African Medical Journal limekuwa likitoka tangu mwaka 1923. Majarida mengi ya Afrika yanapatikana kupitia hazina ya African Journals Online, lakini mengine matoleo yake ya zamani yamo kwenye makabati tu. Katika maktaba yangu kuna rafu za tasnifu za uzamili: uzazi Mbeya, utapiamlo Dodoma, kichocho Ukerewe. Zilisimamiwa, zilitahiniwa, zikapigwa jalada, zikawekwa rafuni. Mashine haizijui. Mtafiti wa Boston akiomba muhtasari wa ushahidi wa Tanzania, ataambiwa tafiti ni chache, naye ataandika hivyo, na mashine ya kesho itamsoma yeye.

Wapo wanaosema yote haya yatapita, mashine zinakua haraka. Ni kweli zinakua. Mwaka 2025 watafiti wa Kanada na wenzao walitangaza mfumo ambao, kwa maelezo yao, ulirudia na kuhuisha mapitio 12 ya Cochrane kwa siku 2, kazi waliyoikadiria kuwa sawa na miaka 12 ya mtu mmoja. Sina sababu ya kubeza kazi hiyo. Naona jinsi inavyoweza kuwafaa watu wa wizara zetu ambao leo wanalazimika kuandika mwongozo kwa tafiti walizozikumbuka tu. Lakini mapitio hayo 12 yaliweza kurudiwa kwa sababu watu walikwisha kuyafanya kwa mkono, na hivyo palikuwa na kitu cha kulinganishia. Pale ambapo hakuna aliyepita, mtu bado anahitajika kukagua.

Mwaka huohuo Cochrane na mashirika mengine matatu ya kazi hii walitoa msimamo wa pamoja. Mwandishi wa mapitio anaruhusiwa kutumia akili mnemba, ila dhamana yote inabaki kwake. Aseme wazi ametumia zana gani, katika hatua gani, na aonyeshe kwamba zana hiyo haikuharibu matokeo. Mimi naunga mkono kila neno. Mtu aliyetia sahihi anaweza kuitwa aeleze kosa lake, akaona aibu, akarekebisha. Programu haiitwi na mtu.

Na msomaji wa kawaida afanyeje? Nafurahi kusema kwamba jibu moja liko Uganda. Watafiti wa Makerere na wenzao wa Norway walitunga masomo, pamoja na kitabu cha katuni, ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi namna ya kuhoji madai ya tiba. Dai la kwamba kinyesi cha ng'ombe kinaponya kidonda cha moto, kwa mfano: aliyesema amejuaje? Waliotibiwa hivyo walilinganishwa na nani? Masomo yalipimwa kwa jaribio la nasibu katika shule 120, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Waliofundishwa, asilimia 69 walifaulu mtihani wa kupima uwezo huo. Ambao hawakufundishwa, asilimia 27. Kama mtoto wa darasa la tano Kampala anaweza, sisi watu wazima tunaweza.

Kwa hiyo ukiiuliza simu yako juu ya dawa, iulize pia imetoa wapi, kisha ufungue hapo ilikokutuma. Tazama kama ni binadamu waliochunguzwa au panya, wangapi, na walilinganishwa na nini. Tazama kama wagonjwa wale wanafanana na wewe na hospitali ile inafanana na ya kwenu. Usiache dawa uliyoandikiwa wala usianze mpya kwa neno la mashine. Mpelekee daktari au mfamasia ulichosoma, mkisome pamoja. Daktari mzuri hakasiriki kwa hilo.

Kwa wakuu wa vyuo na wahariri wa majarida yetu, ombi langu ni moja. Skana zipo, wakutubi tupo, na intaneti ipo. Tuamuruni tuzitoe tasnifu zile rafuni na kuziweka mahali zitakapoonekana, zikiwa na majina ya walioziandika na hospitali walikozifanyia. Tupeni fedha za kazi hiyo katika bajeti ijayo.